Ushairi Unaoonekana Kabla ya Kusomeka

Kitabu kisichosomeka kinaweza kuulizwa swali moja bila kumsubiri atakayekifumbua: je, humu ndani mna ushairi? Swali hilo ni geni kwa wengi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba ushairi umo katika maana, katika taswira na mafumbo, na kwamba asiyejua lugha hana la kusema. Lakini ushairi wa jadi, karibu kila mahali, kwanza ni hesabu. Kuna kitu kinachohesabiwa, kuna mahali hesabu inapokatika, na mara nyingi kuna sauti inayorudi kila hesabu inapotimia. Hesabu hiyo huacha alama kwenye karatasi, na alama huweza kuonwa hata na mtu asiyejua neno moja la lugha iliyoandikwa.

Dai la makala haya ni kwamba alama hizo ni za kuaminika kwa sharti moja tu: mwandiko uwe umenasa kilekile ambacho ushairi wa lugha hiyo unakihesabu. Sharti hilo linaonekana dhahiri ukilitazama kutoka Bujumbura. Katika mji huu tungo za aina mbili zimeishi jirani kwa zaidi ya karne moja. Upo ushairi wa Kiswahili, ambao ulipata mwandiko unaoufaa karne nyingi zilizopita huko pwani. Na zipo tungo za Kirundi, ambazo ziliandikwa baadaye kwa herufi zisizoweza kuubeba mwendo wake. Ukiziweka historia hizo mbili bega kwa bega, ndipo unapopata kipimo cha kuwapimia wale wanaotafuta ushairi katika vitabu ambavyo hakuna aliyevifumbua.

Kabla ya 1750: Pate na Kilwa

Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyosalia si mengi, na yamegawanyika makundi mawili tangu mwanzo. Kundi moja ni barua. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, zimo barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizotoka Kilwa mnamo 1711, wakati Wareno na Waomani wakigombea mwambao. Kundi la pili ni tungo. Chuo cha Herekali, kinachojulikana zaidi kama Utendi wa Tambuka, kilitungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani, na mwaka unaotajwa ni 1728. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyozidi 20 tunapata nathari na ushairi, kwa lugha ileile na herufi zilezile. Bahati hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayetaka kujua kama ushairi unaonekana kwa jicho tu anahitaji pia kitu kisicho ushairi cha kulinganishia, na historia imetuwekea vyote viwili.

Pate haikuwa na Tambuka peke yake. Sayyid Aidarusi bin Athumani wa mji huohuo aliitia katika Kiswahili Hamziya, kasida maarufu ya Kiarabu ya al-Busiri wa Misri. Wataalamu wanabishana kama kazi hiyo ni ya 1652 au 1749. Kwa hoja yetu, mwaka si jambo kubwa kama namna nakala zilivyopangwa: mshororo wa Kiarabu, kisha mshororo wa Kiswahili unaoujibu, kisha wa Kiarabu tena, hadi mwisho. Kiswahili chake ni Kingozi, lugha ya kale ya kaskazini ambayo maneno yake mengi yalikwishapotea vinywani mwa watu karne ya 20 ilipoingia. Kwa hiyo pwani ilizaa, pasipo kukusudia, utungo ambao wenye lugha wenyewe wangekuja kuutazama, wakatambua mara moja kwamba ni ushairi, na wasielewe unasema nini.

1750–1890: Wanakili na harakati zao

Karne iliyofuata ilikuwa ya neema kwa tungo na ya misukosuko kwa miji. Pate ilidhoofika, Lamu ikainuka, Mombasa ikawa chini ya Mazrui kisha chini ya Zanzibar. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi. Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya siasa, mapenzi na mizozo ya mji kule Mombasa hadi alipofariki mnamo 1840. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Tungo hizi zilinakiliwa kwa mkono, nyumba kwa nyumba, na katika kunakiliwa huko ndipo ulipokomaa mpangilio wa ukurasa ambao ndio ushahidi wetu mkuu.

Katika nakala nyingi za tenzi, ubeti mmoja huandikwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Vipande vyake vinne hutengwa kwa alama ndogo: nukta tatu, kiua, au umbo kama moyo uliopinduliwa, wakati mwingine kwa wino mwekundu. Kwa kuwa kipande cha nne cha kila ubeti hubeba kina kimoja, kiitwacho bahari, tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi, ukingo wa kushoto wa ukurasa hujaa herufi ileile ikishuka mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa. Mtu asiyejua Kiarabu wala Kiswahili akipewa karatasi hiyo ataiona safu hiyo kabla hajaona kitu kingine chochote.

Hata hivyo, safu na viua ni mapambo ya mnakili, na mapambo yanaweza kukosekana. Ushahidi mzito zaidi uko chini ya mapambo. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwa irabu. Anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hana budi kuweka harakati, yaani fatha, kasra au dhumma, kwenye kila konsonanti inayotamkwa na irabu yake, kwani asipofanya hivyo msomaji wa Kiswahili hapati pa kushika. Matokeo yake ni kwamba idadi ya harakati katika kipande hukaribia sana kuwa idadi ya mizani, yaani silabi zinazohesabiwa. Kipande cha utenzi kina mizani nane. Basi mgeni mwenye subira anaweza kuhesabu vijistari hivyo vya juu na chini ya herufi, kipande kwa kipande, akakuta nane, tena nane, tena nane, na akajua kwamba hili halikutokea kwa bahati. Akihamia kwenye barua ya Kilwa, hesabu yake itavurugika baada ya maneno machache, na haitarudi.

Hata upungufu wa mwandiko ule, ambao wengi wameulaumu, uliisaidia hesabu hii. Herufi za Kiarabu hazikuwa na p wala v wala ch. Herufi ba ilibeba b na p, fa ikabeba f na v, kasra ikasimama badala ya i na e, dhumma badala ya u na o. Zaidi ya hayo, waandishi wa zamani mara nyingi waliiacha sauti ya n au m inayotangulia konsonanti nyingine, hata konde likaandikwa kama kode, na pamba ikabaki na umbo ambalo mtu angeweza kulisoma baba. Kwa anayetafuta maana, hayo ni mateso. Lakini nd na mb hazimwongezei mshairi mizani yoyote. N ile iliyoachwa haihesabiwi na mtunzi, na haihesabiwi na mwandiko. Mwandiko ulipoteza sauti nyingi, na uliyoyahifadhi kwa uaminifu ndiyo hasa yaliyokuwa yakihesabiwa.

Hapa panazuka pingamizi la kwanza, tena la haki. Maneno ya Kiswahili yote huishia kwa irabu tano tu. Basi mwisho kufanana na mwisho ni jambo rahisi, na jicho linaweza kuona vina pasipo na vina. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kina kingekuwa irabu pekee. Lakini kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake, na ni lazima kitokee mahali palepale pa hesabu. Vipande vitatu mfululizo vya mizani nane vikiishia kwa silabi moja, kisha cha nne kikarudi kwenye silabi ya bahari, na hali hiyo ikadumu beti mia, nasibu haiwezi kuwa jibu. Ninakubali sehemu moja ya pingamizi: kwa kuwa ba ni p na b na mb, mgeni ataona vina vingine ambavyo sikio lingevikataa. Atakosea kwenye ubeti huu na ule. Hatakosea juu ya utungo mzima.

Pingamizi la pili ni kwamba nathari nayo inaweza kuwa na vina. Waarabu wana saj'i, nathari yenye mwangwi mwishoni mwa sentensi, na wanazuoni wa pwani waliijua vizuri. Ni kweli, na ndiyo sababu vina peke yake havitoshi. Saj'i ina mwangwi bila urefu sawa. Orodha ya mali ina mpangilio sawa bila mwangwi. Ushairi wa jadi wa Kiswahili ni pale mambo mawili yanapokutana, na mkutano huo ndio unaopaswa kutafutwa.

1880–1940: Mashahidi wa mwisho

Katika miaka ya 1880, mishenari Mwingereza William Taylor wa Church Missionary Society alifika Mombasa na akabahatika kukutana na mtu aliyemzidi kwa mbali katika elimu hii. Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi alikuwa mshairi na mjuzi wa tungo za mji wake. Muyaka alikuwa amekwishafariki kwa zaidi ya miaka 40, na mashairi yake yalikuwa yakiishi vifuani mwa watu. Sikujua aliyakusanya, akayaandika, akamweleza Taylor nani alikuwa akimsuta nani na kwa sababu gani. Sikujua alifariki mwaka 1890, na bila kazi ile tungekuwa na jina la Muyaka na vipande vichache tu vya maneno yake. Karatasi zilizotokana na ushirikiano huo zimo London, katika chuo cha SOAS, na kutoka humo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940.

Lamu ilikuwa na mtu wa aina hiyo, Muhamadi Kijumwa, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na mtunzi. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa na njaa ya miswada, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann aliyekaa Lamu katika miaka ya 1930, walipata nakala kutoka mkononi mwake. Nakala za Kijumwa zinapendeza, zimepangika, viua vyake viko mahali pake. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyohiyo haziwezi kuwa ushahidi: mnakili aliyejua kwamba mteja wake ni mgeni aliipamba hati ili ionekane ya kishairi. Jibu ni kurudi kwenye harakati. Kijumwa aliweza kuongeza viua vingi apendavyo. Hakuweza kuongeza mizani kwenye kipande bila kuuharibu utungo, na wazee wa Lamu wangemcheka. Mpangilio wa ukurasa unaweza kutiwa chumvi. Hesabu haikubali.

Wakati wageni hawa wakikusanya, msomaji wa asili alikuwa anatoweka. Serikali za kikoloni zilichagua herufi za Kilatini kwa shule, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha tahajia kwa herufi hizo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alijaribu kuurekebisha mwandiko wa Kiarabu ili uzitofautishe sauti za Kiswahili, na juhudi yake ilistahili mafanikio makubwa zaidi. Vizazi viwili baadaye, mjukuu wa mtunzi aliweza kuwa na mswada wa babu yake sandukuni, akijua kwamba ni utenzi kwa kuutazama tu, na asiweze kusoma ubeti mmoja. Lugha yake haikufa, alfabeti haikusahauliwa duniani. Kilichokatika ni daraja kati ya vitu hivyo viwili.

1896–1962: Usumbura, mji wa tungo mbili

Kiswahili kilifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kupitia Ujiji, pamoja na pembe, watumwa, nguo na Uislamu. Mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kutoka ziwani na akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kizuizi hicho kina uzito katika historia ya maandishi. Kwa kuwa watu wa Ujiji hawakuushika ufalme, herufi za Kiarabu hazikuingia katika nyumba ya mwami, na tungo za Kirundi zilibaki katika sauti tupu hadi mishenari walipofika. Wajerumani walijenga kituo chao cha Usumbura, Bujumbura ya leo, katika miaka ya mwisho ya 1890. Askari, wapagazi na wachuuzi waliokizunguka walizungumza Kiswahili, na wazao wao ndio walioupa mtaa wa Buyenzi sura yake. Wabelgiji waliuchukua mji mwaka 1916 na kuufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi.

Huku vilimani, mambo yalikuwa mengine. Warundi walikuwa na amazina y'inka, sifa za ng'ombe. Walikuwa na ivyivugo, majigambo ya shujaa. Walikuwa na inanga, ambapo mwimbaji hunong'ona maneno na nyuzi zikaubeba mwendo wa sauti. Mapadri Weupe walioanzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898 walianza kuiandika lugha kwa herufi za Kilatini, na padri van der Burgt alitoa kamusi yake nene ya Kifaransa na Kirundi mwaka 1903. Tahajia iliyojengeka baadaye inaonyesha konsonanti na irabu vizuri. Haionyeshi toni, na haionyeshi kama irabu ni ndefu au fupi. Katika Kirundi mambo hayo mawili hutenganisha neno na neno, na msemaji huyajaza kichwani mwake bila taabu.

Lakini je, ushairi unahesabu nini? Padri Alexis Kagame, aliyechunguza tungo za Rwanda kwa Kinyarwanda, ndugu wa karibu kabisa wa Kirundi, alionyesha kwamba mshororo wa sifa za ng'ombe hupimwa kwa muda wa sauti: irabu fupi ina kipimo kimoja, ndefu ina viwili. Mtu akiuandika mshororo wa namna hiyo kwa tahajia ya kawaida, kile kinachohesabiwa hupotea chote. Mistari iliyo sawa masikioni itaonekana kutofautiana machoni. Mgeni atakayepewa ukurasa huo atahesabu silabi, atakuta 9, kisha 12, kisha 10, na atasema kwa uhakika kwamba hii ni nathari. Atakuwa amefuata njia ileile iliyomwongoza vema kwenye utenzi wa Pate, na atakuwa amekosea. Mwaka 1959 A. E. Meeussen alichapisha huko Tervuren sarufi ya Kirundi iliyotia alama za toni na urefu, kwa hiyo inawezekana kukiandika Kirundi kisionyeshe maneno tu bali na mwendo wake. Vitabu vya kawaida havikufuata njia hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba hata hivyo kuna dalili zitakazobaki: neno linalorudiwa mwanzoni mwa mishororo, majina yanayopangwa sambamba, herufi zinazopokezana. Zitabaki, ndiyo. Ila orodha ya kodi nayo hurudia neno mwanzoni mwa kila mstari, na litania ya kanisani hufanya vivyo hivyo. Dalili hizo zinamwambia mtazamaji kwamba kuna mpangilio. Hazimwambii ni mpangilio wa nini.

1954–1970: Sheria, sauti na Hamziya

Mtoto wa Ujiji, Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa mwaka 1924 katika mji uleule uliotuletea Kiswahili, alichapisha mwaka 1954 Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwa mara ya kwanza wasomaji wengi wa Kiswahili walipata katika kitabu cha herufi za Kilatini maelezo ya vina na mizani yaliyotoka kwa mtunzi mwenyewe. Miaka ya 1970 vijana wa chuo kikuu, Euphrase Kezilahabi akiwa wa mbele, walizipinga sheria hizo wakatetea mashairi huru, na ugomvi ukawa mkali. Pande zote mbili zilikuwa na hoja zake kuhusu ushairi unavyopaswa kuwa. Kwa swali letu ugomvi huo una somo lisilotajwa sana: shairi huru la Kezilahabi, likiandikwa mfululizo bila kukata mistari, lingekuwa gumu kutambulika kwa asiyejua lugha. Kila ninalosema hapa linahusu ushairi wa hesabu. Yule anayetafuta ushairi usiohesabu katika kitabu kisichosomeka hana chombo chochote.

Kabla ya ugomvi huo, John Allen alizunguka mwambao kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akikusanya miswada, na hakukusanya karatasi peke yake. Orodha yake iliyochapishwa Leiden mwaka 1970 ina miswada na kanda za sauti pamoja, kwa sababu tenzi husomwa kwa mahadhi na mahadhi yana ushahidi wake. Na mwaka 1968 Jan Knappert, aliyekuwa amekwisha kuishughulikia Tambuka kwa udaktari wake miaka kumi kabla, alitoa makala ya kuifumbua Hamziya. Funguo zake zilikuwa mbili. Mshororo wa Kiarabu ulioandikwa juu ya kila mshororo wa Kiswahili ulitoa maana ya jumla. Mizani nayo ilitoa mipaka: neno la Kingozi lisilojulikana lilipaswa kuenea katika nafasi ya silabi kadhaa, si zaidi wala pungufu, na usomaji usiotosha nafasi hiyo ulitupwa. Kineene wa Mutiso wa Nairobi aliirudia kazi hiyo baadaye kwa undani zaidi. Hamziya ndiyo mfano wetu bora wa ushairi uliotambuliwa kwanza na kueleweka baadaye, na wa umbo lililosaidia kuipata maana.

1912 hadi leo: Kitabu cha Voynich

Mwaka 1912 mfanyabiashara wa vitabu Wilfrid Voynich alinunua nchini Italia kitabu cha ngozi chenye kurasa kama 240, kilichojaa picha za mimea isiyojulikana, duara za nyota na wanawake wanaooga, na maandishi ambayo hayafanani na alfabeti yoyote. Tangu 1969 kimo katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale. Kipimo cha kaboni kilichofanywa na Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 2009 kiliiweka ngozi yake kati ya 1404 na 1438. William Friedman, aliyekuwa bingwa wa kufumbua siri za kijeshi za Marekani, alishindwa nacho. Wengi wameuliza kama baadhi ya kurasa zake ni mashairi, hasa sehemu ya mwisho yenye aya fupi zaidi ya 300, nyingi zikiwa na nyota pembeni, ambazo zinamkumbusha mtazamaji beti.

Historia ya mwandiko mwingine inapaswa kututia hadhari. Mabamba ya udongo ya Krete na Pylos yenye mwandiko uitwao Linear B yalikaa miaka 50 bila kusomeka. Alice Kober aliyachambua kwa ustadi mkubwa na akafariki mwaka 1950 kabla ya kuona mwisho. Michael Ventris akayafumbua mwaka 1952 na kuthibitisha kwamba ni Kigiriki cha kale. Lugha ilikuwa ile ambayo Homer angetungia baadaye, na mabamba hayakuwa na utungo hata mmoja. Yalikuwa hesabu za kondoo, mafuta, sufu na wafanyakazi. Mpangilio wake, mistari inayoishia kwa tarakimu, ulikuwa umelisema hilo mapema kwa waliokubali kulitazama. Utaratibu ulikuwepo tele. Ulikuwa utaratibu wa ghala.

Tukirudi kwa Voynich na vipimo vya Pate, aya zenye nyota hazilingani urefu. Nyingine ni fupi, nyingine zina mistari kadhaa. Hilo peke yake halikatai ushairi, kwa sababu ngozi ilikuwa ghali na Ulaya ya zamani mara nyingi iliandika mashairi mfululizo kama nathari. Mswada wa Beowulf umeandikwa hivyo, na mishororo yake 3,182 ilitengwa na wahariri wa baadaye. Mwaka 1976 Prescott Currier alieleza kwamba katika kitabu cha Voynich mstari wenyewe unafanya kazi fulani: baadhi ya alama hupenda mwanzo wa mstari, nyingine hupenda mwisho. Watetezi wa ushairi wameushika ushahidi huo kwa mikono miwili. Mimi nauona hautoshi. Alama moja kupenda mwisho wa mstari inaweza kutokana na ufupisho wa mnakili anapoishiwa nafasi, na kinachokosekana ni kile cha pili: hesabu inayolingana kati ya mwisho mmoja na mwingine. Tena kitabu hicho hurudia neno moja mara mbili, hata tatu mfululizo, na karibu hakirudii kifungu kirefu cha maneno, ilhali kiitikio ndicho ambacho nyimbo hukirudia. Nikilazimika kutoa hukumu, ningesema ushairi haujaonyeshwa humo.

Lakini hukumu hiyo inategemea sharti la mwanzo, nalo halijatimizwa. Hatujui alama moja ya Voynich inasimamia silabi, sauti, neno au hila. Kwa hiyo kabla ya kukipima kitabu chenyewe, njia ya kupimia inapaswa kujaribiwa mahali ambapo jibu linajulikana, na Afrika Mashariki ina vya kutosha. Chukua Utendi wa Tambuka, uondoe viua, uondoe mapengo na mikato ya mistari, ubadilishe kila herufi kwa alama isiyo na maana, kisha umpe mtafiti asiyeambiwa ni nini. Njia isiyoiona bahari ya Bwana Mwengo humo haifai. Mpe barua za Kilwa kwa namna hiyohiyo. Njia itakayozigeuza kuwa mashairi nayo itupwe. Kisha mpe sifa za ng'ombe za Kirundi zilizoandikwa kwa tahajia ya shule, na nakala nyingine ya sifa hizohizo yenye alama za toni na urefu kama alivyoandika Meeussen. Ikiwa njia itanyamaza kwenye nakala ya kwanza na kusema kwenye ya pili, tutajua ukimya wake juu ya kitabu cha Beinecke una uzito gani. Miswada imo London, Hamburg na Dar es Salaam. Nakala ya Kirundi yenye alama inaweza kutayarishwa Bujumbura, na wanaozijua sifa hizo kwa sikio wangali hai.